Zuio Lililochelewa

Muuguzi mmoja wa hospitali yetu pale Makambako alipimwa damu asubuhi, na kabla ya chai ya saa nne hata wafagizi walikuwa wanajua majibu yake.

Ilikuwa hospitali ya mtu binafsi, enzi zile milango ya biashara ilipofunguliwa na kila mwenye uwezo akajaribu lake. Mwenyewe alikuwa mzee wa malori. Alianza na zahanati, akaongeza wodi, kisha akaleta kompyuta za mitumba kutoka Dar es Salaam na kuniajiri niziunganishe. Nilivuta nyaya kutoka mapokezi, maabara, duka la dawa na chumba cha daktari, zote zikaishia kwenye swichi moja, kisanduku cha kupitishia mawasiliano ya kompyuta, iliyofungwa ukutani stoo. Kila kompyuta ikaweza kuifikia nyingine. Ndivyo ilivyotakiwa, na wote tulifurahi.

Siku ile karani wa mapokezi alifungua majibu ya maabara. Sijui alikuwa anatafuta nini. Alisoma, akamnong'oneza mwenzake, basi.

Muuguzi alikuwa mjane, mwenyeji wa Mlangali, mtu wa kucheka kwa sauti mpaka wagonjwa wenye maumivu wakacheka naye. Nilimwita dada tangu alipomuuguza mama yangu. Nilimkuta nyuma ya jiko la hospitali, amekaa juu ya gogo, aproni ameikunja mapajani.

"Pole, dada."

"Pole ya nini? Na wewe umesoma?"

"Sijasoma. Nimesikia."

"Haya. Wote mmesikia."

Mzee akaniita ofisini. Hakuwa mtu wa kufoka, lakini siku hiyo hakunikaribisha kiti. "Kijana, hiyo mitambo yako haina mlango?"

Nikamwambia swichi ile ilikuwa ya aina inayoweza kupewa masharti: kompyuta ipi iruhusiwe kufika wapi, ipi izuiwe. Ila jambo hilo nililisikia chuoni tu, sikuwahi kulifanya.

"Nenda kajifunze."

Nikapanda basi hadi Njombe, kwa mwalimu wangu wa zamani wa kompyuta. Alinipokea amevaa koti zito, akanieleza polepole. Kila kifurushi cha data kinachopita kwenye swichi kina anwani ya kinakotoka na ya kinakokwenda. Swichi inasoma masharti yako kutoka juu kwenda chini. Ikifika kwenye la kwanza linalolingana na kifurushi hicho, inalitii, na yaliyo chini yake haiyatazami tena. Na chini kabisa, baada ya sharti lako la mwisho, kuna moja ambalo hukuliandika: chochote kisichoruhusiwa kinatupwa.

"Kwa hiyo nikimsahau daktari?"

"Hatapata kitu. Swichi haimjui daktari. Inajua anwani ya kompyuta yake."

Kesho yake nikaingia stoo. Niliandika: mawasiliano yote yapite, kompyuta ya mapokezi izuiwe kufika maabara. Nikaenda kujaribu kwenye kompyuta ya mapokezi, majibu yakafunguka kama kawaida. Nikaduwaa. Kisha nikaelewa: swichi ilikuwa inakutana na ruhusa ya wote kwanza, inaishia hapo. Nikalipandisha juu lile sharti la kuzuia. Safari hii kompyuta ilikataa. Karani alikuwa amesimama pembeni yangu.

"Yaani mimi sasa siaminiki?"

Nilimrudishia kiti chake, nikatoka.

Nilimfuata dada wodini nikamweleza, nikidhani nampelekea habari njema. Alinisikiliza mpaka mwisho, huku akikunja mashuka.

"Umeizuia kompyuta, vizuri," akasema. "Aliyekwisha kusoma utamzuia vipi?"

Wagonjwa wakaanza kuomba sindano wachomwe na mwingine. Mzee aliwaambia wazi kwamba huyo ni muuguzi wake na kazi anaijua. Lakini vitanda vikaanza kubaki wazi, watu wakipeleka wagonjwa wao kwingine, naye akaacha kumtetea. Karani alipewa onyo, akabaki kwenye kiti chake. Dada aliomba kuondoka mwenyewe. Nilimbebea begi hadi stendi, tukasimama mpaka gari la Njombe likajaa.

"Msalimie mama," akasema dirishani.

Mama alipopata salamu aliacha kupembua maharage, akaniuliza ni nani aliyemfukuza. Nikasema hakufukuzwa. Akaweka ungo chini, akaniambia nimpeleke Mlangali. Tulikwenda mahindi yalipokuwa yanakauka shambani. Tulimkuta dada amekonda, anapalilia maharage na dada zake. Aliinuka, akamkumbatia mama, wakalia wote wawili. Mimi nilibaki nimeshika jembe lake, sijui pa kuliweka.

Kuhusu hospitali dada hakuuliza neno.