Gesi ya Wali wa Harusi

Gari lililompeleka dada yangu mkubwa kanisani siku ya ndoa yake lilitembea kwa gesi iliyokuwa ikipika wali wa wageni wake.

Nianzie nyuma kidogo. Baba, mstaafu wa reli, ana gari dogo la bluu ambalo hakuna mtu amewahi kulisifu. Petroli ilipoadimika na foleni za magari kuzunguka mitaa mizima, alimwita fundi aligeuze litumie gesi. Fundi alileta kila kitu isipokuwa tangi. "Itakuya," alisema. Halikuja. Baba akaweka mtungi wa jikoni nyuma, penye mizigo, akaubana kwa mikanda, akawasha. Gari likanguruma! Uani kwetu, mtaa wa Kamalondo, tulicheza kana kwamba timu yetu imefunga bao.

Siku hiyohiyo akaapa: binti yake hatapelekwa kanisani na gari la kukodi. Majirani na wastaafu wenzake walicheka.

"Papa, hii ni motokari ao ni jiko?"

"Ni byote mbili," alijibu, akipandisha kioo.

Parokia yetu hufungisha ndoa nyingi katika misa moja, na padri alikuwa ameonya: asiyekuwepo wakati wa viapo angoje hadi Jumamosi nyingine. Kanisa liko karibu sana na nyumbani, tungeweza kwenda kwa miguu. Lakini kwetu bibi harusi hapelekwi moja kwa moja. Lazima azungushwe mjini kwanza, honi zikilia, watu wamwone.

Baba alizungusha. Tulipita Posta, tukapita stesheni, kisha akakata kuelekea Naviundu, mbali pembezoni mwa mji, maana wastaafu wenzake waliomcheka zaidi wanakaa kule. Walikuwa wamekaa nje ya baa yao. Baba akawapita akipiga honi, akageuza, akawapita tena. Wazee wakasimama kupiga makofi. Dada alikuwa ametoa kichwa dirishani, shela ikipepea, mimi kando yake nikizuia maua yasiruke. Sijawahi kucheka namna ile.

Kisha gari likakohoa.

"Papa, inakufa!"

"Haikufe. Iko inapumuzika."

Likapumzika kabisa. Mtungi ule haukuwa na kipimo. Kila asubuhi baba huupima kwa kuutikisa, na asubuhi ile, kwa furaha, alikuwa ametikisa mikono ya wageni tu. Teksi zote zilikuwa kwenye foleni ya petroli, na misa ilikuwa imekwisha kuanza.

Lakini nyuma ya kona palikuwa na nyumba ya tantine, dada mdogo wa baba, na ndiko karamu ilikopikwa. Tulikimbia, bibi harusi mbele, gauni ameliinua kwa mikono miwili. Uani, sufuria kubwa ya wali ilikuwa inachemka juu ya jiko la gesi. Tantine alimwona baba akitazama chini ya meza ya jiko, akaukumbatia mtungi wake kabla kaka yake hajasema neno.

"Yaya, hapana! Mucele haiyaiva. Bageni batakula nini?"

"Weka ku makala," baba alisema, akionyesha jiko la mkaa pembeni.

"Makala? Ku ndoa? Na vile niliambia bantu yote tunapika na gaz!"

Dada alikuwa anahema. "Tantine, padri akiniacha, hakuna bageni, na mucele ni ya bure."

Tantine alitazama sufuria. Akatazama shela iliyojaa vumbi jekundu. Akafunga gesi, akamsukumia baba mtungi.

"Kamata. Lakini na mi naingia mu motokari. Chupa yangu haiendake yenyewe."

Akawaachia wanawake wengine wali, akapanda mbele na aproni, mwiko mkononi. Safari ya kurudi ilikuwa ya kelele tupu: baba na honi, tantine akigonga mlango kwa mwiko, dada akiimba. Tulipoingia kanisani, wachumba wa mwisho walikuwa wanavishana pete, na shemeji yangu amesimama peke yake, kijasho kinamtoka. Padri alimtazama dada, akamtazama tantine na mwiko wake, akafungua kitabu upya.

Wali ulinukia moshi. Wageni walisifu sana mapishi ya gesi, na tantine akapokea sifa zote.

Sasa ni zamu ya dada yangu mdogo, Jumamosi ijayo. Tangi la fundi bado halijafika. Baba ameshaosha gari. Tantine amefunga mtungi wake kwa mnyororo kwenye nguzo ya jikoni. Na bibi harusi, tukimuuliza atapanda gari gani, anacheka tu.