Mitambo Miwili ya Umeme kwa Mama Mmoja

Wiki hii, kwenye duka la vifaa vya umeme mjini Nakuru, mbele yangu alisimama mwanamke aliyetoka Kiamunyi, amekumbatia mtambo wa umeme wa akiba.

"Boss, nataka ya pili kama hii. Mamangu anapumulia mashine ya oksijeni. Juzi stima ilipotea, na hii ikagoma."

Muuzaji akalaza viganja vyake viwili kwenye kaunta, bega kwa bega. "Aina hii inakubali kuunganishwa sambamba. Zinasaidiana mzigo, na moja ikizima nyingine inaendelea. Lakini mathe, kila moja lazima iweze kubeba mashine yote peke yake. Ikiwa dhaifu, mwenzake ikizima nayo itazima."

Mwanamke akampigia ndugu yake simu. "Kuja Jumamosi nikufunze mashine ya mama. Siku nikilazwa mimi, nani ataiwasha?"

Jibu sikulisikia. Nilimwona tu akifumba macho na kushusha pumzi. "Asante. Uje mapema."

Nyumba nyingi ninazozijua zina watoto wengi na mtu mmoja tu wa kumwinua mama kitandani. Wengine huandika "amina" tu kwenye grupu la WhatsApp la familia.