Eyafoni za Kevina

Waya ulinaswa tena kwenye vidole vya mama mkwe. Kevina alikuwa amemkumbatia, anamhamisha kutoka kitandani kwenda kwenye kiti, na mama yule, kwa mkono wake mmoja uliobaki na nguvu, akaukamata waya badala ya bega. Eyafoni zikachomoka masikioni, simu ikafuata, ikatumbukia kwenye beseni la maji ya kuogea. Kevina hakumwachia. Alimkalisha kwanza, akamfunika miguu, ndipo akainama kuiokoa simu.

Simu ilipona. Eyafoni ya upande mmoja ikafa.

"Tupa hiyo kamba," alisema Benedeta, mama mkwe. Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya upande wa kulia, lakini sauti kilimwachia yote. "Siku moja itakunyonga."

Kevina ni Msamia wa Busia, upande wa Kenya. Zamani alikuwa anauza mitumba sokoni na kuimba sauti ya pili katika kwaya ya parokia. Kisha akaolewa Mwello, huko Tororo, upande wa Uganda, na Arnold, dereva wa lori la mizigo la kwenda Juba; hata hivyo hakuacha biashara, alikuwa akienda na kurudi. Benedeta alipougua, watoto wake walikaa wakakubaliana kwamba Kevina aache soko kwa muda kidogo amtunze mama. Muda huo sasa ulikuwa unaingia mwaka wa tatu, na hakuna aliyewahi kusema umekwisha.

Kilichombakia ni rekodi. Maximilla, mwalimu wa kwaya, hakumtoa kwenye kundi lao la wasapu, na nyimbo za mazoezi ziliendelea kumfikia. Alizisikiliza masikioni akifua, akimenya muhogo, akimgeuza mgonjwa asipate vidonda. Bila eyafoni haikuwezekana, maana Benedeta hakuvumilia kelele nyingine zaidi ya redio yake.

Basi akaanza kufikiria zile zisizo na waya. Ajambo, jirani, alikubali kukaa na mgonjwa asubuhi moja, na Kevina akaenda Busia, akavuka mpaka kwa miguu, akafika kwenye meza ya Nashon, muuza vifaa vya simu.

"Mama, karibu. Unataka za kuongea ama za muziki?"

"Za kufanyia kazi. Kupika, kufua, kuinua mtu."

"Kuinua mtu?"

"Nina mgonjwa."

Nashon akapunguza maneno ya biashara. Akafungua kisanduku cheupe. "Sitakudanganya, hizi si orijino. Zinaweza kwenda asubuhi yote, halafu unazirudisha hapa ndani zichaji. Moja ikipotea, huwezi kununua moja peke yake. Ikianguka chooni, imeenda."

"Na nikivaa, nitasikia mtu akiniita?"

Nashon akacheka. "Si ndiyo raha yake, mama? Husikii mtu."

Akamvalisha, akaweka wimbo. Soko likaondoka. Honi za malori yanayosubiri kuvuka, wabadilisha fedha wanaoita wateja, mhubiri na spika yake, vyote vikazama. Kevina akafumba macho. Alipoyafumbua, Nashon alikuwa amejiinamisha juu ya meza anamvuta mkono wa gauni.

"Mama, uko sawa? Nimekuita wee!"

Kevina akazichomoa haraka kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Akashukuru, akaondoka bila kununua.

Njia nzima alizipima kichwani. Nyumbani walikuwa na sola ndogo, nayo taa ilikuwa ikiigombania na simu. Magauni yake hayakuwa na mifuko. Angeweza kuvaa sikio moja tu, lingine aliache kwa ajili ya mgonjwa. Lakini chini ya hesabu hizo kulikuwa na jambo lililomtisha. Pale mezani, macho yamefumbwa, raha aliyoipata haikuwa ya wimbo. Ilikuwa raha ya kutoitwa.

Ndugu walipokuja nyumbani kwa misa ya kumkumbuka baba mkwe, Kevina alikuwa ameyaandaa maneno yake. Alitaka kuomba wapeane zamu za kumtunza mama. Akamfuata Ritah, dada wa mume wake, mwalimu mjini Tororo, aliyekuwa akisuuza vikombe. Akaona aanzie mbali.

"Wifi, nimechoka kidogo. Hata kusikiliza nyimbo siwezi, waya unamnasa mama. Nilikuwa nafikiria..."

"Zile za bluetuthi!" Uso wa Ritah ukafunguka kwa nafuu. "Ni hilo tu? Mbona hukusema mapema? Nitakutumia."

Akamkumbatia kwa mikono yenye maji, akaenda kuwaambia wengine. Maneno yaliyobaki Kevina akayameza.

Kisanduku kilifika kwa boda wiki hiyohiyo, kizuri kuliko cha Nashon. Jioni Arnold akapiga simu kutoka njiani. "Nimesikia wamekununulia. Sasa huko nyumbani huna shida, eti?"

"Sina," Kevina akasema, na aliposema hivyo akahisi kama mlango umefungwa mbele yake.

Kusema kweli, zilifaa. Mikono ilikuwa huru, hakuna kilichonaswa, na sikio moja lilitosha kumsikia mama. Ajambo alipomuuliza kama naye anunue, alimjibu, "Nunua. Kazi inakuwa nyepesi. Ila siku inabaki ndefu vilevile."

Kisha ikaja rekodi ya wimbo mpya. Sauti ya pili ilikuwa ya mtu mwingine, mwanamke asiyemfahamu, na aliiweza. Kevina akausikiliza mpaka mwisho huku mikono iko kwenye povu. Akaikausha, akampigia Ritah.

"Wifi, zile eyafoni ni nzuri sana. Nataka kukurudishia."

"Kwa nini tena?"

"Jumamosi uje ukae na mama. Utazihitaji wewe."

"Nina kazi za shule, Kevina."

"Najua. Hata mimi nilikuwa na kazi."

Ritah alikuja Jumamosi hiyo. Kevina akafika Busia, akasimama katikati ya wenzake, Maximilla akamsogezea karatasi ya nyimbo bila kuuliza kitu. Sauti ilitoka na kutu, kisha ikafunguka. Walikuwa hawajamaliza wimbo wa pili simu ilipoanza kutetemeka.

"Anakataa nimguse," Ritah alisema, sauti imejaa machozi. "Anakuita wewe tu. Amelowa, na mimi siwezi kumwinua."

Kevina akarudi. Alimkuta wifi yake mlangoni, mkoba tayari begani, kitambaa kimemlegea kichwani.

"Sikujua ni hivi," Ritah akasema. "Nitarudi mitihani ikiisha. Kweli nitarudi."

"Sawa, wifi."

Ndani, Benedeta akaita. Kevina akajifunga leso kiunoni, akainama mlangoni, akaingia.