Maneno Aliyoyasugua Fundi Wyson

Kwa miaka ishirini na sita Wyson Kapalamula alikuwa fundi seremala wa shule ya sekondari ya Mwalawamvula, juu ya vilima vya Ntcheu. Alitengeneza viti, alipachika vioo vya madirisha, na kila mwisho wa muhula alisugua madawati kwa msasa mpaka maandishi ya wanafunzi yaishe. Alisoma kila neno kabla ya kulisugua. Hakuna aliyemtuma, lakini macho hayana pazia.

Kwa madawati hayo aliijua shule kuliko walimu walivyoijua. Alijua nani anampenda nani kidato cha tatu, na kwamba mwalimu wa hesabu anaitwa Kichwa cha Mbuzi. Jioni alikuwa akimsimulia mkewe, Enelesi, wakacheka hadi majirani wakauliza kuna nini.

"Leo umesoma gazeti gani, Baba Tadala?" Enelesi alikuwa akimuuliza huku akisonga nsima.

"La kidato cha pili. Matusi matupu, hata habari za mpira hawana!"

Mwaka mmoja pampu ya kisima cha shule iliharibika mwezi wa Agosti. Ikafika Oktoba, jua la kupasua mawe, na bado haijatengenezwa. Wasichana walikuwa wakiteremka mtoni na ndoo kabla ya kengele ya kwanza. Wavulana walivaa shati moja wiki nzima. Viranja walikwenda kwa mwalimu mkuu, Bambo Mtambalika, mara mbili. Mara ya kwanza aliwaambia wasubiri. Mara ya pili aliwajibu kwenye gwaride la asubuhi, mbele ya shule nzima.

"Hapa ni shuleni, si hotelini! Anayetaka maji ya bomba afungashe, aende kwao."

Wyson alikuwa juu ya ngazi akipachika kioo. Alingoja minong'ono, hakuisikia. Watoto mia nne walisimama kimya, hata wa kukohoa hakuna.

Wiki hiyo akaanza kukuta maneno mawili: Tuna kiu. Kwanza kwenye dawati moja la kidato cha nne, yamechongwa kwa ncha ya bikari. Kesho yake yalikuwa kwenye madawati matano. Baadaye yakatokea mlangoni mwa bwalo, kisha kwenye meza ndefu ya maabara. Bambo Mtambalika akamwita.

"Fundi, uchafu ule uondoke kabla wakaguzi hawajafika."

"Ndiyo, Bambo. Ila hayo wanayoandika..."

"Nimekuuliza wanaandika nini?"

"Hapana, Bambo."

"Basi msasa unao. Kafanye kazi."

Akasugua. Alihesabu arobaini na tatu, kisha akachoka kuhesabu. Siku ya Jumatano, kwenye dawati la nyuma kabisa, chini ya maneno yale yale, akakuta neno jingine: Ijumaa. Akalikuta kwenye dawati la pili, akalikuta na kwenye darasa la jirani. Wyson alisimama na msasa mkononi. Si kwamba hakuelewa. Zamani, alipokuwa kijana, shule moja ng'ambo ya bonde iliwahi kuteketezwa, na ilianza hivyo hivyo, kwa siku kuandikwa ukutani. Aliwaza kwenda ofisini, akakumbuka alivyojibiwa. Moyo ukamwambia, haya yana wenyewe. Akalisugua neno la kwanza, akalisugua la pili, akapaka vanishi.

Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, mawe yakaanza. Wanafunzi walianza na madirisha ya ofisi, yakafuata ya madarasa, vioo alivyovipachika Wyson kwa mikono yake kimoja kimoja. Wavulana waliangusha milango, wakavunja viti na kuvitupa uani. Walimu walijifungia. Jiwe moja, la nani haijulikani mpaka leo, lilipita dirisha la maabara na kuvunja chupa kwenye rafu. Ndani alikuwamo Falesi Mbewe, msichana wa kidato cha pili, aliyekuwa na zamu ya kupanga vifaa. Chupa ile ilikuwa ya tindikali, ikamrukia usoni.

Wyson alisikia kilio chake, akawa wa kwanza kufika. Alimbeba nje akikimbilia bomba la ukutani. Akafungua. Bomba likakoroma, likatoa hewa. Akakimbilia tangi, tangi tupu. Akapiga ukelele, "Maji! Jamani maji!" Wavulana waliokuwa na mawe mikononi wakasimama, kisha wakaanza kukimbia huku na huko kama yeye, wakitafuta maji kwenye shule isiyokuwa nayo. Jikoni palikuwa na nusu ndoo ya maji, yaliyobaki kuosha maharagwe. Hayo ndiyo aliyommwagia Falesi usoni, na maganda ya maharagwe yakamganda mashavuni.

Jicho la kushoto halikupona.

Shule ilifungwa mwezi mzima. Wavulana kumi na tisa walifukuzwa, wazazi wakalipishwa, Bambo Mtambalika akahamishwa. Ilikuja tume, ikawahoji walimu, viranja, wapishi. Fundi hakuitwa. Alikaa karakana siku tatu amevaa shati safi, akingoja kuulizwa. Tume ikaondoka.

Tangu hapo akawa mtu mwingine. Alipopitisha kiganja juu ya dawati lililokwisha pigwa randa, laini kama kioo, vidole vyake vilikuta herufi. Aliinama kutazama, hakuna kitu. Akisikia bomba likikoroma, hata la kwa jirani, aliacha alichokishika akaenda kutazama kama ndoo zimejaa. Magazeti yake ya jioni yakaisha. Enelesi alidhani ni ugonjwa, akamchemshia mizizi.

"Kinachokusumbua ni nini, Baba Tadala? Wewe ndiye uliyemwokoa yule mtoto."

Neno hilo, uliyemwokoa, lilimchoma kuliko lawama.

Mwaka uliofuata alikuja mkuu mpya, Mayi Chilongo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Siku moja alimkuta Wyson ameketi mbele ya dawati lililoandikwa, msasa umelala pajani.

"Fundi, mbona husugui?"

Ndipo yakamtoka. Alimweleza yote, mpaka zile Ijumaa alizozipaka vanishi. Mayi Chilongo hakumpa pole.

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilisoma tu, Madamu."

"Kusoma na kujua, kwako ni mambo mawili?"

Wyson akaukunja msasa mara mbili.

"Sikia," mama yule akasema. "Kuanzia leo hufuti neno kabla mimi sijalisoma. Na dirisha likivunjika asubuhi, lipachikwe mchana. Ufa usipozibwa, kila apitaye atachukua jiwe."

Ikawa hivyo. Kila Alhamisi mwalimu mkuu alipita madarasani na fundi wake, akisoma madawati. Matusi aliyacheka. Yaliyokuwa malalamiko aliyaandika kwenye daftari, na Jumatatu aliyajibu gwaridani moja moja: hili limetengenezwa, hili hela haijapatikana, hili mmedanganya. Aliyekamatwa akichonga hakuchapwa. Alipelekwa karakana kusugua dawati lake mwenyewe, na Wyson akamuuliza kulikoni. Mara nyingine walisema. Shule ilikaa miaka bila jiwe kurushwa. Watu wa wizara walikuja kumpongeza Mayi Chilongo, na yeye akawaonyesha karakana. Wyson alijificha nyuma ya mbao.

Miaka tisa baada ya tukio, mwanamke kijana alisimama mlangoni mwa karakana. Alikuwa amekuja kuchukua cheti chake. Upande mmoja wa uso aliufunika kwa kitambaa cha rangi ya zambarau. Sasa alikuwa na cherehani mbili mjini Balaka na mtoto mmoja.

"Bambo Kapalamula, ni wewe uliyenimwagia maji?"

"Ni mimi, mwanangu."

"Nimekuja kukushukuru."

"Usinishukuru," Wyson akasema. "Ngoja kwanza."

Akamweleza. Falesi alisikiliza amesimama, jicho moja limemtazama bila kupepesa.

"Ile ya meza ya maabara," akasema hatimaye, "niliandika mimi. Tuna kiu. Nilitumia mkasi."

"Wewe?"

"Wengi tuliandika. Tulikuona unavyosoma, Bambo. Unainama, midomo inacheza, ndipo unafuta. Tukasema, walau fundi anasoma, atawafikishia wakubwa wengine. Hatukuwa tunamwandikia mwalimu mkuu. Yeye tulishamwambia kwa mdomo. Tulikuwa tunakuandikia wewe."

Wyson alitafuta mahali pa kuketi. Falesi akamsogezea kigoda, akamshika mkono hadi akakaa. Hakusema amemsamehe, wala hakusema hakumsamehe. Alisema tu kwamba basi la Balaka halimngoji mtu, akarekebisha kitambaa chake, akaenda.

Jioni hiyo Wyson alimwambia Enelesi kila kitu, kwa mara ya kwanza. Enelesi aliacha kula. Nsima ikapoa kati yao, ikafanya ngozi juu, ndipo akauliza, "Mbona gazeti la Jumatano ile hukuniletea?"