Zege la Mgeni Rasmi

Hasira yangu kwa kamati ya ujenzi ya kanisa letu la Langley Park, hapa Marekani, haijaisha, na sina mpango wa kuimaliza. Watu huniambia mambo ya miaka ya tisini yameshapita, nisamehe. Nimesamehe mengi katika nchi hii. Hili bado.

Mama yangu alikuja kuishi nasi Greenbelt baada ya kupooza miguu. Kwao Upareni alikuwa mwalimu mkuu, mwanamke wa kutangulia mbele ya watu, na sasa alikuwa kwenye kiti cha magurudumu. Nyumbani hakutaka kusukumwa. Mikono yake ilikuwa na nguvu kuliko yangu.

Mlango wa kanisa ulikuwa na ngazi. Kila Jumapili wanaume wa kwaya walimnyanyua pamoja na kiti chake, wakimtania kwamba chakula cha Marekani kinamnenepesha. Walikuwa na nia njema, sikatai. Mama alishikilia khanga isimwache magoti wazi, akaangalia pembeni. Siku moja tukiwa garini aliniambia hatanyanyuliwa tena kama gunia. Angerudi siku atakayoweza kuingia kwa mikono yake mwenyewe.

Kamati ikaahidi kumjengea mteremko wa zege wa kupitishia kiti. Majira yote ya joto, kazi ilipokuwa rahisi, walibishana kuhusu rangi ya kuta. Majani yakapukutika wakibishana kuhusu spika. Mama alisali sebuleni na redio. Kisha, baridi ya Januari ikiwa imekaza, ikaja habari kwamba askofu kutoka nyumbani atatutembelea, na ghafla kila mjumbe akawa na huruma kwa walemavu.

Fundi waliyempata Gaithersburg, Mmarekani mwenye lori kubwa na maneno mengi, aliwashauri wangoje baridi ipungue. Wakakataa. Basi akaja Alhamisi, siku tatu kabla ya askofu, na zege lililochanganywa kwa maji ya moto, akalimwaga, akalisawazisha, akalifunika kwa mablanketi mazito ya kazi hiyo. Nilikuwepo. Alimwambia mwenyekiti wa kamati kwamba zege likipigwa na barafu kabla halijakomaa limeharibika, halina dawa. Mablanketi yakae wiki nzima, na maji yasiliguse. Nikarudia yote kwa Kiswahili, asije akasema hakuelewa. Mama nilipomweleza alisema Jumapili moja zaidi si kitu, askofu apite ngazini, yeye ataingia wiki inayofuata.

Jumamosi jioni nilipeleka vikombe vya chai ya wageni. Mablanketi yalikuwa yamekunjwa kando ya ukuta, na mwenyekiti, ndoo mkononi, alikuwa anamwagilia zege. Ndivyo tunavyofanya nyumbani, ambako jua ndilo adui, na zege changa hunyweshwa asubuhi na jioni. Lakini hapo pumzi zetu zilikuwa zinatoka kama moshi, na maji yaliyomwagika pembeni yalikuwa yameanza kuganda. Nikamwuliza anafanya nini.

"Relax, sister," akasema. "Mimi nimejenga nyumba mbili Kitengela. Simiti bila maji ina-crack. Na hizo blanketi, bishop akiziona si atadhani tunaishi kama wakimbizi?"

Nilichukua blanketi moja nikaanza kulitandaza. Akalivuta. Nikalivuta. Wazee wawili wakatoka ndani wakaniambia dada, heshima, na mmoja akanielekeza jikoni kwenye mchele wa kuchambua. Nikawaachia vikombe vyao nikaondoka.

Asubuhi nilimkuta Mama ameshavaa kitenge chake kipya. Watu wa kamati walikuwa wamempigia simu: mteremko uko tayari, aje, atafuata mara tu baada ya mgeni rasmi. Nilimweleza nilichokiona. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema watu wazima hawawezi kumwita mama mzee kwenye kitu wasichokuwa na uhakika nacho. Hivyo ndivyo alivyowaheshimu.

Utepe ukakatwa. Askofu akapanda kwa madaha, picha zikapigwa, vigelegele vikalia. Kisha Mama akaanza. Nilitaka kusukuma, akanikatalia kwa kichwa. Alipofika katikati, juu ya zege pakabanduka kama ukoko wa wali, na chini yake palikuwa mchanga tu. Gurudumu likazama. Kiti kikainama upande, nikakidaka.

Mwenyekiti hakuniangalia. Aliwaita wale wanaume. "Brothers, njooni m-lift mama haraka, bishop anangoja."

"Msiniguse," Mama akasema. Hakupaza sauti. "Mwanangu, nirudishe."

Nikamshusha kinyumenyume, kokoto zikisagika chini ya magurudumu, mbele ya watu wote waliovalia siku hiyo. Hata mmoja hakutufuata. Nilikuwa nafunga mlango wa gari niliposikia wimbo wa kwanza umeanza.

Njiani nilitukana kwa Kiswahili, kwa Kipare, na kwa Kiingereza. Mama hakunikemea, yeye ambaye maisha yake yote alikemea matusi. Alikuwa anajipangusa vumbi la zege kwenye kitenge, likawa halitoki.

"Kwenye simu," akasema, "walisema wamenijengea mimi."