Mama Robi Aliniambia Nifungue Giaboksi

Chekeni tu, hasa nyinyi mafundi wenzangu. Lakini jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu na sijaonja hata tone la pombe.

Ilikuwa miaka ile dhahabu ilipowachanganya watu huku Tarime, kabla simu za mkononi hazijatufikia. Pikapu zilibeba mawe ya machimboni kupita uwezo wake, na barabara ya Nyamwaga mnaijua. Giaboksi zilikufa kila wiki. Mimi nilikuwa na gereji ndogo pale Nkende; kazi yangu ilikuwa kuzishusha, kuzifungua na kuzifunga upya.

Shida ilikuwa spea. Beringi feki zilijaa kila mahali. Boksi linang'aa, maandishi safi, ukiifunga haimalizi mwezi. Katika wauzaji wote nilimwamini mmoja tu, Mama Robi wa Sirari. Mama yule alikuwa anaishika beringi, anaizungusha kwa kidole karibu na sikio, anasikiliza. Asiporidhika anairudisha ndani, anakuita mura, yaani kijana: "Hii siuzi, mura. Rudi Ijumaa." Mfanyabiashara gani mwingine anamfukuza mteja hivyo?

Basi shemeji yangu Chacha, mume wa dada yangu Ghati, akaniletea pikapu yake. Nikaenda Sirari. Dukani nikamkuta mpwa wa Mama Robi. Akasema mama anaumwa kidogo, amelala nyumba ya nyuma. Nilikuwa na haraka. Sikwenda hata kumjulia hali. Nilichukua beringi tatu, nikaondoka. Kwani si duka lilelile?

Jumanne iliyofuata nilikuwa nimeshafunga mbili na kurudisha giaboksi kwenye gari. Moja, ya akiba, ilibaki mezani. Mvua ilikuwa inapiga bati mpaka husikii redio. Nikainua kichwa, nikamwona Mama Robi amesimama mlangoni.

"Shikamoo mama! Umekuja na mvua hii yote?"

Aliingia, akaichukua ile beringi ya mezani, akaizungusha karibu na sikio. Hapo ndipo nilipoona kwamba miguu yake ni mikavu. Nje tope lilifika kwenye vifundo, naye alikuwa peku, na nyayo zake hazikuwa na hata tone la maji. Niaminini, niliona, lakini akili ilikataa kushika.

"Inalia," akasema. "Fungua."

"Mama, nimeshafunga. Gari inachukuliwa leo."

"Fungua, mura."

Alikuwa analia. Nilikuwa sijawahi kumwona mama yule akilia. Nikageuka kumvutia kiti. Nilipomgeukia tena hakuwepo, na beringi ilikuwa bado inazunguka mezani.

Chacha alifika mvua ilipokatika. Nikamwambia aniachie gari mpaka kesho.

"Shemeji, mzigo unanisubiri Nyamwaga. Nikichelewa wanampa mwingine. Kwani ina nini?"

Ningemjibu nini? Kwamba mama mmoja wa Sirari ameingia hapa na miguu mikavu? Nikaona aibu. Nikampa ufunguo.

Alhamisi, akirudi na mawe, giaboksi ilikamata kwenye mteremko. Magurudumu ya nyuma yakagoma ghafla, gari ikapinduka. Chacha hakufika hata hospitali.

Baada ya mazishi nilikwenda Sirari nikiwa na hasira. Nilimkuta Robi, binti wa yule mama, amenyoa kichwa.

"Mama tulimzika Jumamosi," akasema.

Jumamosi. Mimi nilimwona Jumanne baada ya hiyo Jumamosi. Nikakaa chini palepale kizingitini. Robi akanieleza kwamba mpwa alikuwa ameingiza mzigo feki kutoka kwa mtu mgeni bila mama kujua. Mama alipogundua, kitandani, alimbana mpwa, akawataja wote waliouziwa, mmoja mmoja, akaagiza wafuatwe.

"Wengine tuliwapata," Robi akasema. "Alipokata roho alikuwa anakutaja wewe."

Sijafungua giaboksi tena tangu siku ile. Nililima, nikafuga, nikazeeka. Dada yangu hakuolewa tena, na kwa miaka yote hiyo nilikula kwake bila kumwambia. Mwaka jana nilimwambia. Ghati aliuliza swali moja tu.

"Kuifungua ingekuchukua muda gani?"

"Saa tatu."

"Saa tatu," akarudia. Akainuka, akaingia ndani. Mpaka leo ananisalimia, ananipa chakula, lakini hakai tena mahali nilipokaa mimi.

Wewe unayenisikiliza, ukienda dukani ukaambiwa mwenyewe anaumwa, nenda ukamwone, mshike mkono, muulize mzigo umetoka wapi. Na akija kukuambia urudie kazi, usiangalie kama yuko hai au amekufa. Irudie.