Mwili wa Darasani

Siku ya kwanza ya masomo ya kukanda misuli, mwalimu alipopitisha macho darasani, alimwona binti mmoja kabla ya wote. Alikuwa mwembamba, ungeweza kumhesabu mbavu juu ya blauzi. Mwalimu, aliyewakanda wachezaji wa mpira mpaka magoti yake mwenyewe yakagoma, alifurahi kama aliyeokota dhahabu.

"Wewe binti, njoo ulale hapa. Kwako misuli haina pa kujificha."

Akapanda kitandani akiona fahari. Mwalimu akamchora mgongoni kwa kalamu za rangi: nyekundu kwa msuli unaoshuka kutoka shingoni, buluu kwa ule mpana wa ubavuni, kijani kandokando ya uti wa mgongo. Wenzake wakasogea na vidole vyao baridi, wakafuata mistari. Kabla ya saa ya kutoka alikwishapewa jina: Ramani.

Wino haukutoka kwa sabuni. Shangazi yake, aliyemlea tangu mama yake afariki, alimkuta bafuni akijisugua.

"Makubwa! Umechorwa kama ng'ombe wa mnadani. Ndiyo masomo hayo?"

"Ndiyo, shangazi. Mwalimu amenichagua mimi."

"Amekuchagua," shangazi akasema, akaenda zake akicheka.

Kesho yake akaitwa tena, na keshokutwa. Alipoomba naye akande, mwalimu alimjibu, "Zamu yako ipo, haraka ya nini?" Zamu ikawa ya kesho, na kesho haina mwisho. Akilala kifudifudi, uso kwenye tundu la kitanda, akitazama viatu vya wenzake, alijifunza kwa masikio na kwa ngozi: msuli huu unaanzia wapi, umeshika mfupa gani, unauma vipi ukikaza. Mikono yake ilining'inia tu.

Alikuwa na rafiki mmoja, fundi cherehani aliyeacha kushona kwa sababu ya macho kufifia. Walikubaliana wafanye mazoezi wakati wa mapumziko: leo wewe, kesho mimi. Ramani akalala, akakandwa. Kesho yake fundi akasema mgongo unamuuma. Siku nyingine mafuta yanamwasha.

"Usinune bwana," alisema, akimsukuma tena kitandani. "Wewe si umeshazoea?"

Mtihani ukafika. Akaja mtahini kutoka nje, mama mmoja mkimya, na kila mwanafunzi akapewa mtu asiyemjua. Ramani alipata dereva wa lori mwenye shingo iliyokakamaa. Maswali aliyajibu yote bila kusita, hata mtahini akatabasamu.

"Haya, sasa kanda."

Vidole vyake vilijua pa kwenda. Havikujua vibonyeze kiasi gani. Alipapasa mpaka dereva akacheka kama anayetekenywa. Kwa aibu akakaza. Dereva akaruka akipiga yowe, kashika shingo.

"Wewe mtoto, unataka kuniua?"

Darasa zima likaangua kicheko. Wa mwisho kunyamaza alikuwa fundi cherehani.

Wenzake walipewa vyeti. Ramani hakupewa; mwalimu alimwita pembeni, akasema naye kwa upole kama mtu anayemfanyia hisani: "Mwanangu, Mungu hakukupa mikono. Kakupa mwili. Jumatatu kundi jipya linaanza, nami nitakulipa. Kazi yenyewe kulala tu."

Alilia njia nzima. Shangazi hakumbembeleza.

"Watu wanavunjika viuno kutafuta kazi, wewe unalipwa kulala, unalia nini? Nenda."

Akaenda.

Katika kundi jipya mlikuwa na msichana mpole. Alimuuliza kwanza jina lake la nyumbani, kisha akasugua viganja vyake vipate moto kabla ya kumgusa. Hakuna aliyewahi kumfanyia hivyo. Kidole gumba kikatua juu ya mfupa, mbali na msuli, kikabonyeza.

"Ni hapa, dada?"

Maumivu yalimpanda mpaka kwenye meno. Mwalimu alikuwa upande wa pili, amewapa mgongo.

"Hapo hapo," Ramani akasema. "Kaza."

Msichana akashukuru, akakaza. Akawa anamuuliza kila siku, na kila siku anajibiwa vilevile. Mwisho wa masomo alimwumiza mtu wa mtihani, akafeli. Akaja kumuaga Ramani macho yamevimba, akamshukuru kwa kumvumilia. Ramani akampa pole, akamshika bega, akamsindikiza mpaka kwenye ngazi. Alipomwona anashuka, moyo wake ulikuwa mweupe kabisa, bila chembe ya majuto, na wala hilo halikumtisha.